Hadithi ya Fanani Wawili

Wasimulizi wa pwani wana namna yao ya kufunga hadithi. Zimwi limeshauawa, binti wa sultani ameshaolewa, na fanani anasema hadithi yake imeishia hapo: ikiwa nzuri, uzuri wake ni wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya ni wake yeye aliyeitoa. Ni adabu, lakini pia ni makubaliano. Hadhira inapewa ruhusa ya kunung'unika, na inaonyeshwa wa kunung'unikiwa. Ni yule pale, ameketi mbele yao.

Sasa tuseme fanani amekufa kabla hajafika hapo. Watu wamekaa usiku kucha, kuni zimekaribia kwisha, na hadithi iko katikati ya vita. Mtu mwingine anainuka kutoka miongoni mwa wasikilizaji, anakaa kwenye kile kigoda na kuendelea. Akifika mwisho, ubaya tumtwike nani?

Swali hili si la kufikirika tu. Liliwapata wasomaji wa The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, mfululizo wa fantasia ambao ulianza kutoka mwaka 1990 na kwisha mwaka 2013. Kitabu cha 14 na cha mwisho, A Memory of Light, kilipotoka tarehe 8 Januari 2013, jalada lake lilikuwa na majina mawili. La kwanza ni Robert Jordan, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa miaka zaidi ya mitano. La pili ni Brandon Sanderson, aliyekuwa msomaji wake tangu ujana. Wasomaji wakalia, wakashukuru, wakakasirika, na wengi walifanya yote matatu kwa siku moja. Ubishi ule haujaisha hadi leo, na una historia yake.

Robert Jordan lilikuwa jina la kalamu tu. Jina lake halisi lilikuwa James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, mji wa bandari huko South Carolina, Marekani, mwaka 1948. Alikwenda vitani Vietnam mara mbili, akiwa mpiga bunduki wa helikopta. Aliporudi alisomea fizikia katika chuo cha kijeshi cha The Citadel, kisha akafanya kazi ya uhandisi wa nyuklia kwa jeshi la majini. Mwaka 1977 alianguka akaumia goti, damu ikaganda, nusura afe. Alipokuwa akiuguza mguu alisoma kila kilichopatikana, hadi siku moja akakitupilia mbali kitabu kimoja na kujiambia kwamba hata yeye anaweza kuandika kizuri zaidi ya hiki. Wangapi tumewahi kusema hivyo? Tofauti ni kwamba yeye aliandika kweli.

Mhariri wa vitabu vyake alikuwa Harriet McDougal, mwanamke wa Charleston aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa kazi hiyo kutoka New York. Wakaoana mwaka 1981. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusoma kila ukurasa alikuwa mkewe, na mkewe hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Ndiye aliyeshika kalamu nyekundu. Jina lake tulikumbuke, maana bila yeye hadithi hii haina mwisho kabisa.

Jordan alidai kwamba alikuwa na onyesho la mwisho kichwani kabla hata hajaanza kitabu cha kwanza. Alilirudia neno hilo kwa miaka mingi, kwenye mikutano na wasomaji, tena kwa fahari. Mchapishaji Tom Doherty wa kampuni ya Tor, aliyemfahamu vizuri, alimpa mkataba wa vitabu sita. Vikawa 14, ukiacha kimoja cha utangulizi kilichotoka mwaka 2004. Jumla ni takriban maneno milioni 4.4, na wahusika wenye majina ni zaidi ya 2,000. Ukiona mtu anakwambia amevisoma vyote, jua amekuambia habari ya miaka kadhaa ya maisha yake.

Kiini cha hadithi chenyewe ni chepesi. Rand al'Thor, kijana wa kijijini aliyelelewa na mkulima mwenye kondoo, anagundua kwamba yeye ni Joka aliyezaliwa upya, mtu ambaye unabii unasema atapambana na Yule wa Giza katika Vita vya Mwisho, na damu yake itamwagika juu ya miamba ya mlima Shayol Ghul. Hapo ndipo penye mtego. Msomaji hakuahidiwa tu hadithi nzuri. Aliahidiwa mwisho maalumu, mahali maalumu, na mtu maalumu wa kumwaga damu. Kila kitabu kilichofuata kilikuwa kama basi la safari ndefu ambalo kibao chake cha mbele kimeandikwa mji wa mwisho kwa herufi kubwa. Abiria wanajua wanakokwenda. Wanachouliza ni lini.

Mwanzoni basi lilikimbia. Vitabu viwili vilitoka mwaka 1990, kisha kimoja kila mwaka hadi 1994. Baadaye mwendo ukapungua: 1996, 1998, 2000, 2003. Hicho cha mwaka 2003, Crossroads of Twilight, ndicho ambacho hata wapenzi wa kufa na kuzikana walikishika kwa shida. Ni kurasa mia kadhaa ambamo watu wanaoga, wanakunywa chai, wanapanga safari na kuelezwa nguo zao hadi mshono wa pindo, na mengi ya hayo yanatukia siku zile zile ambazo kitabu kilichotangulia kilishazisimulia. Mwaka 2005 kikatoka Knife of Dreams, cha 11, na mwendo ukarudi. Jordan akaahidi kwamba kimebaki kimoja tu, na hata kikiwa kinene namna gani kitatoka kimoja.

Katika ile miaka ya kusubiri, hadhira haikukaa kimya. Ni wakati ule ule ambapo intaneti ilikuwa inaingia majumbani Marekani na Ulaya, na wasomaji wa Jordan walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia kubishana kuhusu riwaya sentensi kwa sentensi. Swali lao kuu lilikuwa hili: nani alimuua Asmodean? Mhusika huyo, mmoja wa wafuasi wakubwa wa Yule wa Giza, anafungua mlango mwishoni mwa kitabu cha tano, cha mwaka 1993, anamwona mtu anayemfahamu, na anakufa. Msomaji haonyeshwi muuaji. Jordan alikataa kumtaja. Alisema dalili zote zimo kitabuni, mwenye macho ataona. Basi watu wakaandika hoja ndefu kama za mawakili. Wakaunda kambi. Huyu alishikilia mshukiwa wake miaka kumi, yule akabadilisha wake mara tatu.

Jibu lilikuja mwaka 2010, miaka 17 baadaye. Halikuja kwa onyesho kubwa. Liliwekwa kwenye faharasa nyuma ya kitabu cha 13, katika maelezo ya majina, kwamba Asmodean aliuawa na Graendal. Basi. Waliokuwa wamelipata jibu hilo zamani hawakuona shangwe waliyoitarajia, na waliokosea hawakuona hata aibu. Mmoja mmoja wakagundua kwamba walichokipenda ni swali. Nadhani mtu akitaka kuelewa kilichotokea mwaka 2013, aanze na mstari ule wa faharasa, kwa sababu mwisho mzima uliwafanyia wasomaji jambo lilo hilo kwa ukubwa zaidi. Kila mmoja wao alikuwa ameshaandika kitabu cha 14 kichwani mwake. Kilichotoka dukani kilikuwa kinashindana na hivyo vyote.

Turudi nyuma kidogo. Mwezi Machi 2006 Jordan aliwatangazia wasomaji kwamba ana amiloidosisi, ugonjwa ambao protini zisizo za kawaida hujikusanya katika viungo, na kwake yeye zilikuwa zimeingia kwenye moyo na kuufanya ukakamae. Aliandika kwa ushupavu, kama askari, akasema ana vitabu vingi bado vya kuandika. Alikufa tarehe 16 Septemba 2007, akiwa na umri wa miaka 58. Kitabu cha mwisho kilikuwa hakijaandikwa, isipokuwa vipande.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Akiwa mzima, Jordan alikuwa akiwaambia wasomaji kwamba ameshaacha wosia: akifa kabla ya kumaliza, diski za kompyuta yake zifutwe mara kadhaa na karatasi zake ziharibiwe, mtu mwingine asije akaimaliza hadithi yake. Watu walicheka, lakini hakuwa anatania sana. Na waandishi wa namna hiyo wapo. Terry Pratchett, Mwingereza aliyeandika mfululizo wa Discworld, aliagiza vivyo hivyo, na mwaka 2017 diski yake ya kompyuta ilipondwa kwa mtambo wa mvuke wa kusawazisha barabara, na kazi alizokuwa hajazimaliza zikaondoka nayo. Hakuna aliyeweza kubishana kuhusu mwisho, kwa kuwa haukuwapo.

Ugonjwa ulimbadilisha Jordan mawazo. Katika wiki zake za mwisho aliwaita wa nyumbani na wasaidizi wake, akawasimulia hadithi kwa mdomo: nani anakufa, nani anapona, vita vinakwendaje. Mengine yakarekodiwa na kunakiliwa. Mtu aliyeandika mamilioni ya maneno alirudi kuwa fanani wa kawaida, amelala kitandani, na hadhira yake ni ya watu wachache wanaoshika kila neno. Na ile sehemu ya mwisho kabisa ya kitabu, onyesho alilokuwa nalo tangu mwanzo, aliiandika kwa mkono wake.

Harriet akabaki na mume aliyekufa na hadithi iliyo hai. Katika siku zile za msiba alionyeshwa tanzia ambayo mwandishi mmoja kijana alikuwa ameiandika kumwaga Jordan. Mwandishi huyo ni Brandon Sanderson, mzaliwa wa Nebraska mwaka 1975, ambaye alianza kuusoma mfululizo ule akiwa kijana wa miaka kama 15 na sasa alikuwa ameshachapisha riwaya zake mwenyewe za fantasia. Harriet akasoma kitabu chake kimoja, akampigia simu. Sanderson amesimulia mara nyingi kwamba maneno yalimkauka kwenye simu ile. Mwezi Desemba 2007 alifika Charleston, na jambo la kwanza aliloomba ni kusoma mwisho.

Alikabidhiwa kurasa kama 200 za kitabu chenyewe: maonyesho machache yaliyokamilika, mengine nusu, mengine sentensi moja, mengine ni Jordan anajiuliza afanye hivi au vile. Nyuma ya hizo kulikuwa na marundo ya maelezo kuhusu dunia ile na watu wake. Alipoanza kupanga, ikaonekana wazi kwamba kitabu kimoja hakitoshi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba vitakuwa vitatu: The Gathering Storm mwaka huo huo, Towers of Midnight mwaka 2010, na A Memory of Light mwaka 2013. Kelele zikaanza papo hapo. Ati mchapishaji anakamua ng'ombe mara tatu. Si marehemu aliahidi kimoja? Mwenye kuahidi alikuwa hayupo tena kujibu.

Sisi wenye Kiswahili tuna chombo cha kuielewa kazi aliyopewa Sanderson. Katika ushairi wetu wa zamani kuna takhmisa. Mshairi huchukua shairi la mtu mwingine, mara nyingi marehemu, na mbele ya kila mishororo miwili ya yule wa zamani anaongeza mitatu yake. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alivyofanya karne kadhaa baada ya Liyongo, alipoandika Takhmisa ya Liyongo. Ona mpangilio wake: mapya hutangulia, ya marehemu huja mwisho. Mshairi wa pili yuko huru katika mishororo yake mitatu, lakini lazima afike pale pale alipokwishasimama wa kwanza, kwa kina kile kile. Mwisho si wake. Kazi yake ni kuufikia bila kuonekana kama amesukumwa.

Kwa bahati mbaya, katika riwaya hakuna kina wala mizani ya kumwonyesha msomaji mpaka uko wapi. Kwa hiyo wasomaji wakaanza kuuchora wenyewe.

Malalamiko yao ya kwanza yalimhusu Mat, kijana mcheza kamari anayependwa kuliko wahusika wote. Katika The Gathering Storm mizaha yake ilisikika kama ya mtu anayejitahidi kuchekesha, na Sanderson mwenyewe alikubali baadaye kwamba Mat alimshinda mwanzoni. Wengine walilalamikia mwendo. Waliokuwa wameteseka na chai na mishono ya mwaka 2003 walifurahi kuona mambo yakifungwa sura kwa sura. Wengine, na mara nyingine ni watu hao hao, wakaanza kuikumbuka ile chai. Kumbe walikuwa wanakaa mle ndani, si kupita tu. Walilalamika pia juu ya Padan Fain, mwovu aliyewafuata mashujaa tangu kitabu cha kwanza, halafu akamalizwa kwa kurasa chache kama mtu aliyesahauliwa kwenye orodha. Walilalamika kwamba Moiraine, aliyesubiriwa vitabu vingi arudi, alirudi na karibu hana la kusema. Na Demandred, jemadari wa giza, ambaye kwa miaka wasomaji walikisia amejificha wapi: ikatokea alikuwa mbali kabisa, nchi ambayo riwaya haikuwahi kutupeleka, akijenga jeshi. Kipande kilichoeleza habari zake kiliondolewa kitabuni na kuchapishwa kando.

Upande wa pili kulikuwa na sifa za kweli. Sura moja ya A Memory of Light, yenye jina la Vita vya Mwisho, ina ukubwa wa riwaya nzima, maneno karibu 80,000, na imewafanya watu wazima wakeshe hadi alfajiri. Egwene, binti wa mwenye nyumba ya wageni kijijini aliyepanda hadi kuwa kiongozi wa wanawake wenye nguvu za ajabu, anakufa humo, na sijakutana na msomaji anayekumbuka kifo kile bila kunyamaza kidogo. Androl, mtu mdogo mwenye kipaji kimoja tu cha kufungua milango ya kupitia angani, akawa kipenzi cha wengi.

Ndipo hesabu ya uzuri na ubaya ilipoanza, na haikufuata ile adabu ya pwani. Kilichopendeza kilihesabiwa kuwa cha Jordan. Bila shaka alikuwa ameshakipanga. Kilichoudhi kilikuwa cha Sanderson. Uzuri ukawa wa marehemu, ubaya ukawa wa aliye hai. Ni hesabu tunayoijua vizuri kutoka misibani, pale ambapo marehemu hana kosa hata moja na aliyeachiwa mji hafanyi lolote sawa.

Lakini ukweli uliotoka baadaye, kidogo kidogo, kupitia kwa Sanderson na Harriet, uliivuruga hesabu hiyo. Androl aliyependwa alikuwa karibu wote kazi ya Sanderson, maana maelezo ya marehemu kuhusu sehemu ile yalikuwa machache. Na yale mapengo yaliyowaudhi watu wengi, kwamba kitabu kinafungwa bila kutuambia Mat na mkewe, malkia wa Seanchan, waliishia wapi, yalikuwa ya Jordan. Alikusudia kuandika vitabu vingine vitatu kuhusu hao wawili. Alipokufa aliacha juu ya vitabu hivyo sentensi mbili tu, na Harriet na Sanderson wakaona hazitoshi kujenga juu yake. Pengo lile halikuwa uzembe. Lilikuwa kiwanja alichokiacha mtu aliyetegemea kurudi kujenga.

Kwangu mimi pengo hilo ndilo zito kuliko yote, na sidhani kama msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kulipita haraka. Seanchan ni dola linalowakamata wanawake wenye uwezo wa ajabu na kuwafunga kola shingoni. Kola hiyo ina mnyororo, na mnyororo una mshikaji. Vitabu vyenyewe vinaionyesha kama utumwa usio na staha, na kwa miaka msomaji anaamini kwamba gurudumu likizunguka hadi mwisho minyororo ile itakatika. Haikatiki. Ili kupata majeshi ya Vita vya Mwisho, Rand anatia saini mkataba wa amani unaowaachia Seanchan ardhi waliyokwisha kuiteka na wanawake waliokwisha kuwafunga. Dunia inaokolewa, kola zinabaki.

Wengine waliiona kuwa kasoro kubwa ya mwisho ule. Nikikumbuka historia ya huku kwetu, naona pia ukweli usiopendeza. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na wakubwa wakapeana mikono. Waliokuwa tayari mashambani walibaki mashambani. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Mikataba ya amani huandikwa na wenye majeshi, na wenye kola shingoni huambiwa wangoje. Je, Jordan alikusudia kusema hivyo, au alikuwa anakiweka kiporo hicho kwa ajili ya vitabu vyake vitatu? Sentensi mbili haziwezi kutujibu. Ila naelewa hasira ya msomaji aliyefunga kitabu akiwaza wanawake wale.

Na lile onyesho la mwisho kabisa? Baada ya vita, mwili wa Rand unachomwa moto mbele ya watu wake wachache wa karibu. Yeye mwenyewe yu hai, ndani ya mwili wa adui yake, kwa njia ambayo kitabu hakiielezi. Nguvu zake zote zimemtoka. Anapanda farasi aende zake kuitazama dunia, anatoa kiko, hana moto wa kukiwashia. Anawaza tu kwamba kimewaka, nacho kinawaka. Wanawake wanaompenda wanajua. Baba yake mlezi, Tam, yuko pale msibani akiamini amempoteza mwana.

Kwa baadhi ya wasomaji hiyo ni zawadi: mtu aliyebeba dunia tangu ujana anaruhusiwa kuitua. Kwa wengine haivumiliki. Unaondokaje ukamwacha mzee wa watu analia mbele ya moto? Na kiko kiliwakaje? Hili la kiko limebishaniwa kuliko hata Asmodean, na wako waliomlaumu Sanderson kwa kulivuruga, kwamba Jordan asingeacha jambo kubwa hivyo bila maelezo. Lakini hayo yote ni ya Jordan. Hizo ndizo kurasa alizoziandika mwenyewe, zile alizokuwa nazo kichwani kabla hajaandika neno la kwanza. Baada ya maneno milioni 4.4 ya kueleza kila pindo la kila gauni, alichagua kutoeleza kiko.

Mwaka 2014 mfululizo wote, vitabu 14 kwa pamoja, uliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo kama riwaya moja, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu. Wako waliolalamika kwamba huo ni ujanja wa mashabiki. Tuzo ilikwenda kwa Ann Leckie, na hakuna aliyeshangaa. Mimi naona mashabiki wale walikuwa wanasema jambo la haki kwa njia isiyo ya kawaida: kwamba kazi ile ihukumiwe nzima, mikono yote miwili, chai na vita pamoja, kama tunavyoisoma takhmisa bila kung'oa mishororo mitatu ya juu ili tubaki na ile ya zamani.

Baadaye walikuja wasimulizi wengine tena. Hadithi ile ilifanywa tamthilia ya televisheni, ikaanza kuonyeshwa Novemba 2021, na Mei 2025 ikasimamishwa baada ya misimu mitatu, mbali kabisa na Vita vya Mwisho. Walioanza nayo kwenye skrini hawana Egwene wa kumlilia wala kiko cha kubishania. Wengine wao wameingia madukani na kwenye meza za vitabu vya mitumba kutafuta juzuu, na kama ilivyo kwa mitumba, unaipata ya tatu na ya saba, ya nne haipo. Wakifika mwisho watakasirika kama waliowatangulia. Watauliza Padan Fain ndiyo basi? Watauliza kuhusu kola. Watamtafuta wa kumlaumu, na watakuta majina mawili kwenye jalada.

Harriet McDougal alikuwa na haki ya kutimiza ule wosia wa kwanza. Angefuta diski, akachoma karatasi, na jina la mumewe lingebaki safi, bila mtu wa kulilinganisha na lolote. Badala yake alimpa mgeni ufunguo, akahariri vitabu vyote vitatu akijua wazi kwamba watu watasema mumewe angefanya vizuri zaidi. Pengine angefanya. Lakini wasomaji walikuwa wamengoja tangu mwaka 1990, wengine walikufa wakingoja, na yeye akaona kwamba mwisho wa kunung'unikia ni bora kuliko ukimya.